Gurudumu la Mbele

11 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, vidole havikusumbui, na fundi cherehani wa mlango wa pili ameacha kuimba. Najua wewe na simu hamwelewani. Ukipokea unasema "mzima, mzima, wasalimie," unakata. Kwa hiyo naandika.

Mimi mzima, ila baridi ya huku imenigeuza bibi kizee. Natoka nyumbani nimevaa nguo zote nilizonazo. Kazi ni ileile: nasafisha vyombo vya upasuaji, mikasi na vibanio, navihesabu kwenye trei, navifunga kwa kitambaa cha buluu, navisukumia kwenye mashine ya mvuke. Siku nzima sisikii mtu, nasikia mvuke tu. Fikiria mimi, niliyeitwa Chiriku kwa domo langu!

Habari yenyewe ni hii: nimenunua baiskeli ya mbio. Fremu ni ya mtumba lakini haina ufa, nimeimulika na tochi kila kona kama ulivyonifundisha zile Jumamosi ambazo Mama hakuwepo. Magurudumu yake ndiyo yamekwisha kabisa. Hapa kuna kikundi cha waendesha baiskeli, wengi wauguzi na madereva. Septemba wanavuka mlima, na mwisho wa safari kuna mteremko wa kilomita kumi na nne. Wote wanatumia tairi zisizo na tyubu, wenyewe wanaziita tyublesi: rimu, tairi, na ndani maji mazito ya kuziba matundu, basi. Mmoja ananiambia nichukue rimu za kimo kirefu, mwingine fupi. Huyu tairi nyembamba, yule nene. Wamenivuruga kichwa. Niambie wewe fundi wa baiskeli, nichague nini?

Na jambo lingine. Siku ya kwanza nilipoikalia, nilijiona kwenye kioo cha duka nimeinamisha kichwa upande wa kushoto. Hakuna aliyenifundisha. Baba alikuwa anakaa hivyo? Alipofariki nilikuwa na miaka mitatu. Sina hata sauti yake.

Mwanao,
Chiriku


19 Machi

Chiriku mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa posta siku tisa kwa sababu sikupita. Fundi cherehani bado anaimba, na sasa amenunua spika. Mama yako nilikutana naye duka la dawa. Tuliulizana hali, tukaachana. Hajambo, amenenepa kidogo, imempendeza. Vidole vyangu vinakaza asubuhi, vikipata joto vinakubali kazi.

Haya, magurudumu. Usidanganywe na rimu ndefu. Zinapendeza kwenye picha, lakini wewe mwepesi, upepo wa ubavuni utakupeperusha kama gazeti. Kimo cha milimita thelathini kinakutosha. Upana wa ndani uwe ishirini na moja, na uvae tairi la thelathini kama fremu italipokea. Pima kabla hujanunua: kati ya tairi na fremu kidole chako kidogo kipite bila kugusa. Watakuambia tairi pana ni zito. Waache. Tairi pana linakuruhusu kupunguza upepo, na ukipunguza upepo tairi linaishika barabara badala ya kurukaruka juu yake. Hiyo ndiyo raha ya kuitoa tyubu. Hakuna kitu cha kubanwa kati ya rimu na shimo, na kisumari kikiingia, yale maji yanakimbilia tundu na kuganda kabla hujajua umechomwa.

Ila ni kazi ya uchafu, jiandae. Utepe wa ndani ya rimu ukae bila mkunjo hata mmoja. Futa rimu kwa spiriti kwanza, na wewe mtu wa hospitali sina haja ya kukufundisha usafi. Maji yenyewe hukauka, ongeza kila miezi mitatu. Na beba tyubu moja mfukoni hata wakikucheka, maana tairi likichanika kweli hakuna maji yatakayokuokoa.

Gurudumu la nyuma nitakusukia mwenyewe, spoku ishirini na nane. Nitalituma kwa boksi.

Mvua imeanza. Bati linavuja juu ya meza ya kazi, nimeweka ndoo.

Shangazi yako


4 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mzima? Bati limezibwa? Mimi nimehamia chumba kingine, dirisha linatazama ukuta wa maegesho ya magari, lakini kina nafasi ya baiskeli. Nalala nayo kama mume.

Boksi limefika. Nililiweka gurudumu mbele ya dirisha nikalizungusha, halikuyumba hata unene wa karatasi. Nikagonga spoku kwa ukucha moja baada ya nyingine, zote zikatoa sauti ileile. Mwenzangu wa zamu aliuliza limetengenezwa na mashine gani. Nikamjibu, shangazi yangu. Nilijivuna mpaka nikaona aibu.

Lakini Shangazi, gurudumu ni moja! Nimefumua boksi zima, nimekung'uta hata magazeti ya kufungia. La mbele liko wapi? Barua yako nimeisoma tena, na humo pia umezungumzia la nyuma peke yake.

Na kuhusu Baba hukunijibu neno. Nielewe. Kwa Mama kuna jibu moja tu, la tangu nikiwa mtoto: alikuwa mzembe, breki zake zilikuwa mbovu hakuzijali, akateremka nazo, akatuacha. Akishasema hivyo anaondoka kwenda kufanya kazi nyingine. Darasa la tano mwalimu alitutaka tuandike insha kuhusu wazazi, nikaandika kwamba baba yangu amesafiri. Sikutaka kuandika mzembe.

Wewe ni dada yake. Mliendesha pamoja. Sikuombi hadithi ndefu, nipe kitu kimoja tu, hata kidogo. Alipenda kunywa nini? Alikuwa anateremkaje?

Mwanao,
Chiriku


12 Juni

Chiriku,

Marahaba. Huku wote wazima. Bati limezibwa, sasa linavuja upande wa pili.

Alikunywa chai bila sukari, halafu akalamba sukari kijiko kimoja kando. Mama yetu aligomba mpaka akachoka. Hicho ndicho nilicho nacho leo.

Gurudumu la mbele nunua dukani. Huko kwenu yapo mazuri kuliko ya kwangu. Mimi magurudumu ya mbele siyasuki. Wateja wangu wamezoea, nawapeleka kwa fundi wa barabara ya juu.

Kula vizuri.

Shangazi


27 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Ile ya sukari nimeijaribu asubuhi. Si mbaya! Nimecheka peke yangu jikoni, halafu nikakaa muda mrefu bila kucheka.

Basi nimetii, nimenunua la mbele. Ni la kisasa, ndani lina upana wa milimita ishirini na tano, na kingo zake ni laini, hazina ile kulabu ya kushikilia tairi. Muuzaji anasema ndiyo mtindo wa sasa. Tairi nimepewa na dereva mmoja wa kikundi, la ishirini na tano, analo siku nyingi ila halijalika. Na lilivyoingia kirahisi! Kwa vidole tu, bila chuma cha kuvalishia. Mara mbili lilikataa kushika upepo, mara ya tatu likakaa kwa kishindo, jirani akagonga ukuta. Nimelijaza upepo wa pauni tisini, maana mwenye nalo anasema tairi gumu ndilo linalokimbia.

Nimepata likizo ya siku mbili. Tarehe 20 Julai nakwenda kuujaribu mteremko, peke yangu, kabla wenzangu hawajaniona nikiogopa. Nitakuandikia nikirudi.

Mwanao,
Chiriku


19 Julai

Chiriku mwanangu,

Nimeweka simu chini sasa hivi. Najua nimekutisha. Barua yako nimeipata leo saa nne, nikaisomea palepale dirishani posta, na yule karani akaniuliza kama naumwa. Uliposikia sauti yangu ukasema, "Shangazi, nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Umeshaenda mlimani?"

"Kesho asubuhi."

"Hutakwenda. Toa upepo gurudumu la mbele, sasa hivi, nisikie."

Nikausikia unatoka wote. Ukaniuliza, "Kuna nini, Shangazi?" Nikakata. Nisamehe. Ngoja niandike, kwenye karatasi nitaweza.

Kwanza lile gurudumu. Rimu isiyo na kulabu haina cha kulishikilia tairi isipokuwa tairi lenyewe kubana. Inataka tairi pana, lililotengenezwa kwa rimu ya aina hiyo, na upepo usizidi pauni sabini na mbili. Wewe umeweka tairi jembamba, la zamani, linaloingia kwa vidole, ukalijaza tisini. Tairi linaloingia kirahisi hivyo hutoka kirahisi hivyo. Ungelifikisha kona ya kwanza, pengine ya pili.

Kosa si lako. Ulikuwa na fundi wa kumuuliza, ukamuuliza mara mbili, akakuambia nenda dukani.

Sasa baba yako. Ndiyo, aliinamisha kichwa kushoto. Alikuwa akiteremka analala juu ya baiskeli mpaka kidevu kinakaribia usukani, lakini kila kona aliifunga breki mapema, kwa adabu. Mimi ndiye niliyekuwa mwenda wazimu. Yeye alikuwa mwangalifu mpaka akaniudhi. Breki zake alizikaza kila Ijumaa, hata kama hakuwa na safari.

Enzi zile tairi za mbio ziligundishwa kwenye rimu. Unapaka gundi, unavalisha, unaacha siku nzima na usiku wake ikauke. Alinipa gurudumu la mbele siku ya Alhamisi. Nikamwambia, "Niachie, litakuwa tayari." Nikasahau. Sikuwa na dharura yoyote, mwanangu, nilisahau tu. Jumamosi alfajiri nikaamka nikaliona limeegemea ukuta vilevile, nikaruka kitandani nikapaka gundi. Saa moja akaja kulichukua. Akaligusa ukingoni, akaniuliza:

"Dada, limekauka?"

Niliona aibu kumwambia nilisahau. Nikasema, "Limekauka."

Aliondoka. Kwenye mteremko, breki zilipopasha rimu joto, gundi ikalainika na tairi likachomoka. Waliomkuta walisema breki, maana hawakujua vingine. Gurudumu lililetwa kwangu, nikaona gundi imevutika nyuzinyuzi, mbichi. Nikaifuta kwa petroli. Watu waliposema ni breki, nikanyamaza. Wakasema mzembe, nikanyamaza. Ukakua ukiambiwa hivyo, na mimi nikawa nakupa pipi.

Tangu siku ile sijasuka gurudumu la mbele.

Sasa unajua.


2 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Nimekaa wiki tatu bila kuandika kwa sababu kila nilichoanza kilikuwa kibaya, nikakichana.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nimekaa, kisha kazini chooni. Siku ile nilihesabu mikasi ya trei moja mara nne, kila mara nikipata idadi tofauti, mpaka msimamizi akanipeleka nyumbani.

Miaka ishirini na sita nimemwonea aibu mtu ambaye alikaza breki zake kila Ijumaa. Nilisema amesafiri! Wewe ulikuwepo siku ile ya insha, Shangazi. Ulinisahihishia maneno. Uliona neno "amesafiri," ukaniwekea nukta mahali pake, ukanirudishia daftari.

Sijui kama nimekusamehe, sitakudanganya. Kuna siku nakuchukia mpaka saa sita mchana, halafu namkumbuka mtu aliyeniwekea kiganja mgongoni nikijifunza kuendesha, na mtu huyo ni wewe, na sijui nifanye nini na siku iliyobaki.

Wenzangu walivuka mlima Jumapili. Niliwasindikiza mpaka mwisho wa mtaa kwa miguu.

Nina mambo mawili. Nenda kwa Mama. Usimpigie, usimwandikie, nenda. Jambo la pili, nisukie gurudumu la mbele. La dukani nimelirudisha. Sitaki la fundi wa barabara ya juu wala la mashine. Nataka la kwako.

Chiriku


14 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Asante kwa kuandika. Nilikuwa nikipita posta kila siku mpaka karani akawa ananitikisia kichwa kwa mbali nisihangaike kuingia.

Nilikwenda kwa mama yako. Ilinichukua siku kumi na moja kuvuka mitaa mitatu. Nilimkuta anapiga pasi mashuka. Nikakataa kiti. Nikasema yote kwa mkupuo, kama nilivyokuandikia, na muda wote ule pasi haikusimama. Nilipomaliza akakunja shuka, akaliweka juu ya mengine, ndipo akaniangalia.

"Nilijua," akasema.

Kile kiti nilichokikataa nikakikalia.

"Asubuhi ile alimbeba Chiriku, akaniambia anawahi. Vidole vyake vilikuwa vinanata, vinanuka gundi. Nikamwambia, hii bado mbichi, usiende. Akacheka. Akasema, Dada amesema imekauka, basi imekauka."

"Wifi, kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Mtoto? Alikuwa akiamka anakuuliza wewe kabla ya kuniuliza mimi. Baba ameshamkosa, nimnyang'anye na shangazi?" Akachukua shuka lingine. "Mzembe ni neno dogo. Nilimtwisha yeye kwa sababu asingelisikia."

Halafu akasema, "Miaka ishirini na sita nakungoja uingie mlango huu, wifi. Kila tukikutana duka la dawa najiambia, leo atasema. Unaniuliza hali, unakwenda zako."

Nililia kama mtoto. Yeye hakulia. Aliniachia nimalize, akanipa upande mmoja wa shuka niushike, tukalikunja pamoja. Tukakunja yote yaliyobaki. Sikuambii tumekuwa mashoga. Ila Jumapili iliyopita alikuja kibandani kwangu, akakaa kwenye ndoo, akaniangalia nikifanya kazi. Akanitajia vitu vya baba yako ambavyo hata mimi sikuvijua. Nimemwambia akuandikie mwenyewe, si vyangu kuvitoa.

Gurudumu ndilo hili. Nimelisuka mara tano na kulifumua mara nne. Rimu ni pacha wa ile ya nyuma, ina kulabu, na spoku ishirini na nne. Tairi la thelathini nimelifunga humohumo kwenye boksi, nimelijaribu hapa. Linakaza, litakutoa jasho kulivalisha, na ndivyo inavyotakiwa. Sehemu ya mwisho ya tairi isukume kwa viganja, usitumie chuma, utatoboa utepe. Mwaga maji ya kuziba kupitia valvu, zungusha, laza upande mmoja, kisha wa pili. Upepo pauni hamsini na tano mbele, sitini nyuma, usimsikilize dereva yeyote. Kisha liache siku nzima. Asubuhi pima tena. Likiwa limepungua zaidi ya pauni tano, usiende popote.

Siku nzima, Chiriku. Hata likikuambia limekuwa tayari.

Nakukumbuka. Nilikuwa siandiki neno hilo kwa kuona sina haki nalo.

Shangazi yako


23 Novemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjagombana. Kaniandikia kurasa sita! Mwandiko wake unapanda mlima kila mstari. Nasoma ukurasa mmoja kwa siku, sitaki uishe.

Tairi lilinitoa jasho kweli, viganja vilivimba. Lilipokaa kwenye rimu lililia mara mbili, kulia na kushoto. Nikaliacha siku nzima, nikaongeza na ya pili. Lilipungua pauni mbili.

Jana nilikwenda. Baridi kali lakini barabara kavu. Kupanda kulinichukua saa mbili na nusu, na kileleni nikavaa koti, nikabana breki zote mbili mara tatu, nikakuta sina kisingizio kingine. Nikateremka.

Kilomita ya kwanza niliziponda breki kama mtu anayeshikilia mlango usifunguliwe. Halafu nikakumbuka ulivyoniandikia, kwamba alifunga mapema, kwa adabu, kabla ya kona wala si ndani yake. Nikafanya hivyo. Nafunga, naachia, nalala, baiskeli inakata kona yenyewe. Tairi linavuma chini yangu, kokoto zinaruka pembeni, mbele hakutikisiki kitu. Kona ya tatu nilikuwa naongea na wewe kwa sauti. Ya saba nilikuwa naongea na yeye. Sikumuuliza lolote, nilikuwa namwambia tu: hapa kuna mchanga, hapa pana unyevu, hapa panafunguka.

Sikufikia mwendo wa maana. Mzee mmoja mwenye kikapu cha mbele alinipita akanisalimia. Lakini zile kilomita kumi na nne nilikuwa na baba, Shangazi, na zilipoisha nikamkosa upya, na safari hii nilijua ninamkosa nani.

Msamaha bado sijaufikia wote. Ukifika nitakuambia. Likizo yangu ndefu ni mwezi wa tatu na tiketi nimeshakata. Nataka unipeleke kwenye ule mteremko wa Baba, mimi na wewe, na Mama akitaka.

Chini kabisa kuna ukuta mfupi wa mawe. Nikasimama pale, nikashuka. Nikavua glovu nikalishika tairi la mbele kwa kiganja, pale linapokutana na rimu, nikaufuata ukingo wake mzunguko mzima. Lilikuwa la moto, na lilikuwa mahali pake. Nikabaki nimelishika mpaka likapoa.

Mwanao,
Chiriku